Treni Zangu, Aibu Yangu (7): Msiba wa Uongo

Mnaonifuata tangu wiki ya kwanza mnajua nilipofikia. Kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungiwa vitumbua, nitasema kwa ufupi, maana hata mimi nimechoka kujisimulia.

Jina langu Tamimu. Nauza viatu vya mitumba soko la Kasulu. Miaka minne iliyopita nilifungua belo la midoli kutoka Ulaya nikakuta treni ndogo ya bati, ya zamani kuliko mimi, inayotembea juu ya reli zake. Tangu siku ile sijapona. Nimenunua treni kuukuu kwa wauza mitumba wa Kigoma, kwa wakimbizi waliokuwa wakihama kambi ya Mtendeli, kwa kila mtu aliyekuwa hata na gurudumu moja.

Niliuza na cherehani ya mke wangu, Firdausi, nikanunua mabehewa sita.

Alipojua hakupiga kelele. Alifunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake Mudathiri, mwenye duka la vyombo Kibondo mjini. Akakaa huko miezi mitano.

Wiki iliyopita niliwaacha mahali pazuri. Mudathiri alikuwa amenipigia simu kwamba dada yake amekubali tukae tuzungumze. Jumamosi, nyumbani kwake, baada ya sala ya adhuhuri. Nami nikamwapia, nikishika msahafu ingawa yeye hakuuona, kwamba habari za treni basi tena.

Jumamosi hiyo nilishuka stendi ya Kibondo saa tatu asubuhi. Nilivaa kanzu iliyopigwa pasi, mkononi nina mfuko wenye doti ya kitenge kwa ajili ya mke wangu. Nilikuwa na saa nne nzima za kupoteza.

Simu ikaita. Alikuwa Kipriani.

Kipriani ni fundi redio pale Kibondo, karibu na soko. Ndiye anayenitengenezea mota za treni. Baada ya Firdausi kuondoka nilimwachia duara moja la reli, niwe naonja nikipita, kama mlevi anayeficha chupa kwa jirani.

"Kaka Tamimu, uko Kasulu?"

"Niko hapa hapa Kibondo. Kwa nini?"

"Basi Mungu ana mambo yake. Kuna mzee kutoka Kitahana ameleta kichwa cha treni. Cha kijani. Cha chuma kizito, si bati. Anasema leo anauza, kesho anahama."

"Sitaki, Kipriani. Nimeapa."

"Sijasema ununue. Nimesema uje uone."

Nikasema moyoni, dakika tano tu.

* * *

Mzee mwenyewe aliitwa Stanislaus. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti la suti na makobazi ya tairi. Alikaa kwenye benchi la fundi, na juu ya magoti yake kulikuwa na debe dogo la samli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa treni?"

"Nilikuwa."

Akacheka kidogo. Akafungua debe, akatoa kitambaa, akakikunjua.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu mzima mwenye binti wa kuoza. Lakini nilipokiona kile kichwa nilichuchumaa mbele ya mzee kama mtoto. Kilikuwa kijani kama jani la mgomba lililonyeshewa, magurudumu mekundu, dohani fupi nyeusi. Rangi ilikuwa imebanduka mahali pawili tu. Kwa miaka minne nilikuwa nimeshika vilema na vipande. Hiki kilikuwa kizima.

"Umekipata wapi, mzee?"

"Nilikuwa mpishi wa mapadre. Padre mmoja alikuwa akikizungusha mezani siku ya Noeli, jenereta likiwaka. Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa nakisikia tu ukutani, krrr, krrr. Nikipeleka chakula, wamekwisha kukisimamisha ili wale." Akakipangusa kwa kidole gumba. "Alipokuwa anarudi kwao kabisa akaniachia. Reli zilikuwa zimetupwa. Umeme sina. Nimekaa nacho miaka arobaini na sita sijakiona kikitembea."

"Na kwa nini unauza?"

"Binti yangu ananichukua niende kwake Mwanza. Kule nikifa watakipima kwa kilo pamoja na vyuma chakavu."

Nikamwambia nitanunua. Neno lilitoka lenyewe. Kile kiapo changu kilidumu siku nne.

Mzee Stanislaus akatikisa kichwa.

"Kwanza kitembee. Nikione. Kikitembea, nakuuzia. Kisipotembea nakwenda nacho Mwanza kikiwa bubu hivyo hivyo."

Nikamtazama Kipriani. Kipriani akatazama saa yake, kisha akachukua bisibisi.

"Nusu saa," alisema.

Haikuwa nusu saa. Mota ilikuwa imeganda kwa grisi ya zamani, ngumu kama gundi. Kipriani aliifungua, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha juani. Saa tano ikapita. Kisha akaona kwamba zile kaboni mbili zinazopeleka umeme ndani ya mota zimelika zikaisha. Spea zake hazipo Kibondo, hazipo Kigoma, labda hazipo duniani. Akapasua betri kavu ya tochi, akatoa kijiti cha kaboni cha katikati, akaanza kukichonga kwa tupa, taratibu, akipima na kuchonga tena.

"Usiharakishe," nilimwambia.

Mimi niliyekuwa na miadi na mke wangu, ndiye niliyesema usiharakishe.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikasema nitasali kwa Mudathiri. Saa saba ikafika. Kaboni ya kwanza iliingia, ya pili ikavunjika mkononi mwa fundi, ikabidi aanze upya.

Simu yangu ikaita. Nikatoka nje, nikazunguka pembeni ya kibanda.

"Baba Zuhra, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Firdausi. Miezi mitano sikuwa nimeisikia ikiwa laini hivyo. "Kaka amekwisha rudi msikitini. Chakula kipo mezani."

"Mama Zuhra, nimepata tatizo."

"Tatizo gani?"

Uongo ule sikuupanga. Ulitoka kama kikohozi.

"Kuna msiba."

"Wa nani tena?"

Ukutani, mbele ya macho yangu, palikuwa pameandikwa kwa rangi: KIPRIANI FUNDI REDIO NA SIMU.

"Mama yake Kipriani. Yule fundi. Amefariki alfajiri. Niko huku kwao Kumsenga, tunachimba kaburi. Mtandao unasumbua."

"Inna lillahi," alisema, na nikasikia akivuta pumzi. "Maskini Kipriani. Yule mama alinipa mbegu za maharage mwaka ule. Pole sana, Baba Zuhra. Umefanya vizuri kwenda."

Nikakata simu. Mungu anisamehe, nilijisikia mwerevu. Nilihesabu kwamba wataahirisha mpaka kesho, nami nitakuwa nimemaliza jambo langu.

Nilisahau nimeoa nani. Firdausi akisikia msiba hakai.

* * *

Saa nane kaboni ya pili ilikaa. Kipriani akafunga mota, akaunganisha nyaya mbili kwenye betri ya akiba ya pikipiki, akakiweka kichwa juu ya lile duara la reli zangu pale mezani, katikati ya redio zilizofunuliwa matumbo.

Hakikutembea.

Kipriani akakisukuma kwa kidole. Kikakoroma, kikasimama. Akakisukuma tena.

Kikaondoka.

Kilianza kwa kusitasita, halafu kikachanganya. Krrr, krrr. Kikazunguka, kikapita nyuma ya pasi ya umeme, kikatokea upande wa pili. Mota ilitoa harufu ya vumbi linaloungua. Watu wawili waliokuwa wanapita sokoni wakasimama mlangoni wakaacha kuongea.

Mzee Stanislaus aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na meza. Akakifuata kwa jicho mizunguko mingi. Kisha akasema:

"Kumbe ni hiki."

Basi. Hilo tu. Lakini machozi yalikuwa yanashuka kwenye mikunjo ya mashavu yake na hakuyafuta.

Nikafikiri, hapa sasa nitoe hela. Nikaingiza mkono mfukoni.

Hapo akaingia Dadi.

Dadi anauza vipuri vya baiskeli, mlango wa tatu kutoka duka la shemeji yangu. Aliingia amevua kofia, uso umekunjamana, akamwendea Kipriani akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, ndugu yangu. Nilidhani nitakuta umefunga."

"Pole ya nini?" Kipriani aliuliza, bado anatabasamu kwa ajili ya treni.

Dadi akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Kwani... hujaambiwa?"

"Kuambiwa nini?"

"Mama."

Nilikiona kile kitabasamu kikifa polepole.

"Mama amefanyaje? Dadi, mama amefanyaje?"

"Amefariki, ndugu yangu. Alfajiri ya leo. Mudathiri mwenyewe ndiye aliyetuambia pale dukani. Amekwisha ondoka na dada yake kwenda huko Kumsenga. Wamebeba unga na sukari."

Kipriani akatafuta simu yake mifukoni, akakumbuka kwamba iko kwenye chaji pale ukutani, imezima tangu umeme ulipokatika asubuhi. Akaninyang'anya yangu. Namba ya mama yake aliijua kwa kichwa. Akabonyeza, akasikiliza. Akabonyeza tena.

"Haipatikani," alisema, kama mtoto anayesoma neno gumu.

Kumsenga kwao mtandao hauji mpaka mtu apande kwenye kichuguu nyuma ya kanisa. Yeye alilijua hilo kuliko mimi. Lakini mtu aliyeambiwa mama yake amekufa halikumbuki jambo kama hilo.

"Mawe!" alilia kwa Kiha, akimwita mama yake. "Yee mawe! Jumapili sikwenda. Alisema niende Jumapili nikasema nina kazi. Nina kazi!"

Akaipiga meza kwa ngumi. Treni ikaruka reli, ikalala ubavu, magurudumu yakizunguka hewani.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo ninaloliungama, na mengine yote niliyowaambia tangu wiki ya kwanza si kitu mbele yake.

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Ilikuwa inatosha kusema, "Kipriani, mama yako mzima, ni mimi niliyedanganya." Maneno hayo hata kumi hayafiki. Angenipiga, na Dadi angenipiga, na jioni mji mzima ungecheka. Lakini angekuwa amejua.

Niliitazama ile treni iliyolala ubavu. Nikawaza kwamba nikisema, mzee hataniuzia.

Sikusema.

Nilimshika Kipriani bega. Nilimwambia, "Pole." Kwa mdomo huu.

Akatoka mbio, akarukia pikipiki yake bila kofia ngumu, bila koti. Dadi akamfuata akipiga kelele, "Subiri, usiendeshe wewe, utafutiwe mtu!" Hakusubiri. Tulisikia injini ikipanda kilima, ikapotea. Ilikuwa saa nane na robo.

* * *

Tukabaki wawili, mimi na Mzee Stanislaus.

Alikiinua kile kichwa, akakirudisha juu ya reli. Kikaendelea na safari yake kana kwamba hapakutokea lolote.

"Tumalizane, mzee," nilisema. Sauti yangu ilikuwa kavu.

"Kuna benchi huko nje," aliniambia. "Upande wa kivuli, pembeni ya kibanda. Saa saba nilikwenda kujinyoosha."

Nikahisi jasho likinitoka mgongoni chini ya kanzu.

"Ulikuwa unaongea na simu. Sikukusudia kusikiliza. Nilifikiri labda ni mama wa Kipriani mwingine." Akaitazama treni ikizunguka. "Nimekungoja useme. Alipolia nikakungoja. Alipotoka pale mlangoni nikakungoja."

"Mbona wewe hukusema, mzee?"

Lilikuwa swali la mtu aliyekwama, na aliliona hivyo. Lakini alilijibu.

"Kwa sababu nilikuwa natazama treni. Nimeingoja miaka arobaini na sita, nikaona uchungu kuiacha. Mpaka akili inanirudia, kijana wa watu amekwisha washa pikipiki." Akachukua lile debe la samli, tupu, akalibana kwapani. "Basi na mimi nina sehemu yangu. Nitaibeba."

"Hela yako, mzee."

"Kaa nayo."

"Na treni?"

"Kaa nayo pia. Siwezi kwenda nayo kwa binti yangu sasa. Kila nikiisikia nitamsikia yule akimwita mama yake."

Akatoka. Nikamwona akivuka barabara kwa makobazi yake ya tairi, taratibu, bila kugeuka nyuma.

Mngedhani hapo nilikimbia. Mngedhani nilitafuta bodaboda nimfukuzie Kipriani.

Nilikaa. Miguu ilikuwa imechoka, moyo umechoka, nikavuta kigoda nikakaa mbele ya ile meza. Treni ilikuwa inazunguka. Nikaitazama. Ilipokwama niliisukuma kwa kidole. Nilikuwa nimepata bure kitu nilichokitamani kuliko vyote, na nilikuwa nakitazama kama mtu anayetazama mvua. Sikusikia raha yoyote. Wala sikuinuka.

Saa tisa kasoro, simu ikaita ukutani.

Ilikuwa ya Kipriani. Aliisahau pale pale kwenye chaji. Umeme ulikuwa umerudi, ikajiwasha, na sasa ilikuwa inatetemeka kwenye msumari wake. Nikasogea kusoma.

MAMA.

Nikaipokea. Sijui kwa nini. Labda nilichoka kutopokea.

"Kipriani, mwanangu." Sauti ilikuwa ya bibi, nzito, yenye pumzi ya mtu aliyetoka kupanda mlima. "Kuna wageni hapa wamekuja kunizika. Wameleta na sukari. Nimewaambia wakae kwanza ninywe chai. Wewe unajua habari hizi?"

"Mama... si Kipriani. Ni Tamimu."

Upepo wa kule kichuguuni ukavuma ndani ya simu.

"Tamimu wa treni?"

"Ndiyo, mama."

"Mkeo yuko hapa nami. Anasema wewe umenichimbia kaburi. Njoo unionyeshe ni lipi."

* * *

Kutoka Kibondo hadi kwao Kumsenga ni saa nzima ya vumbi na vilima. Nilikodi bodaboda. Mfukoni mwa kanzu nilikuwa na simu ya Kipriani. Na kwenye mfuko wangu, chini ya kitenge cha mke wangu, nilikuwa nimekiweka kile kichwa cha kijani. Ndiyo, nilikichukua. Nimewaambia leo naungama.

Njiani nilipanga la kusema. Nilijua Kipriani atakuwa amefika zamani, ameshamkumbatia mama yake, ameshajua. Nilijiandaa kwa ngumi. Kwa kweli nilizitamani.

Nilipofika saa kumi na robo niliona kwanza gari la shemeji yangu limeegeshwa uani. Juu ya keria yake kulikuwa na mabegi mawili na beseni la vyombo, vimefungwa kamba. Begi moja nililijua. Lile lenye zipu mbovu, tulinunua pamoja mwaka aliozaliwa Zuhra.

Mudathiri alikuwa ameegemea mlango wa gari. Nikamtolea salamu. Aliijibu kwa Mungu, si kwangu; hakunitazama.

Kwenye mkeka barazani alikaa Bibi Benita, mama yake Kipriani, na ungo wa maharage mapajani. Kando yake, Firdausi, naye anachambua. Ukiwaona ungedhani mama na binti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu msibani."

Nikavua viatu, nikasimama ukingoni mwa mkeka.

"Nilikufa kwa kitu gani?" aliniuliza. "Presha? Au nilianguka?"

"Mama, naomba unisamehe."

"Nakuuliza, mwanangu. Kesho ni Jumapili. Nitaulizwa kanisani, na mimi sijui."

Firdausi hakucheka. Aliokota punje moja mbovu, akaitupa kwa kuku. Aliutazama mfuko wangu, jinsi ulivyoning'inia kwa uzito. Kitenge hakina uzito ule. Alijua.

"Umeyaona mabegi yangu?" alisema.

"Nimeyaona, Mama Zuhra."

"Nilimwambia kaka, tukitoka msibani narudi Kasulu na mume wangu. Hakuna haja ya kikao tena. Nilisema, mtu anayeacha suluhu yake mwenyewe akaenda kumchimbia kaburi mama wa rafiki yake, huyo amekuwa mtu. Nilisema hivyo mbele ya wanawake wote wa pale mtaani, Baba Zuhra. Nilikusifu."

Kama angenitukana ningejua pa kushika.

"Firdausi..."

"Nimechoka," alisema. "Sijui wewe. Mimi nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Bibi Benita akaweka ungo chini. Akajipangusa viganja.

"Haya. Ya mume na mke nitawaachia wenyewe. Mbona umekuja peke yako? Simu ya mwanangu unayo wewe. Yeye yuko wapi?"

Nilitazama mlangoni, ndani, nyuma ya nyumba. Sijui nilikuwa natafuta nini. Pikipiki haikuwepo uani. Sikuwa nimeliona hilo nilipofika, nilikuwa nimeyaona mabegi tu.

"Hajafika?" niliuliza.

"Afike wapi?"

"Alitangulia, mama. Alikuwa anakuja huku. Aliambiwa umefariki."

Firdausi akainua uso.

"Nani alimwambia?" aliuliza Bibi Benita.

"Dadi. Yule wa baiskeli."

"Na wewe ulikuwa wapi akiambiwa?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

Kuku alikuwa anadonoa ile punje mbovu.

"Sikusema kitu."

Bibi Benita hakulia wala hakunilaani. Aliuliza, kwa sauti ndogo sana, "Aliondoka saa ngapi?"

"Saa nane na robo."

Mudathiri akatazama saa yake. Akafungua mlango wa gari, akaanza kutafuta ufunguo mifukoni, akaudondosha, akauinamia. Firdausi alikuwa amesimama tayari, amejifunga mtandio kiunoni.

"Njiani hukumwona?" aliniuliza. "Hata kwa mbali? Barabara ni moja tu!"

"Sikumwona."

Na kweli sikumwona. Lakini nilikuwa nimeinamisha kichwa njia nzima, napanga maneno ya kujitetea.

Ndipo mtu akatokea kwenye kona ya uzio. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, bwana mnene anayeitwa Niyibizi, na nyuma yake wanaume watatu. Walikuwa wanatembea haraka, lakini walipotuona wakapunguza mwendo, wakawa wanatembea kama watu wanaobeba kitu, ingawa mikono yao ilikuwa mitupu.

Bibi Benita akainuka, akaupiga ungo kwa mguu. Mwenyekiti akavua kofia.

"Mama Kipriani," alisema. "Afadhali una wageni. Tafadhali, mama, kaa chini kwanza."

Bibi Benita hakukaa. Alisimama wima pale barazani, maharage yamemwagika miguuni pake, akamtazama mwenyekiti, akawatazama wale watatu mmoja mmoja. Kisha akawapa mgongo wote, akanigeukia mimi.

"Sema wewe," aliniambia. "Wewe ndiye mwenye habari za misiba."